Mwambie Mwanao Unapata Kiasi Gani

  Leo nina maneno na wazazi wa huku kwetu Kigoma, kuanzia Munanila na Manyovu mpakani, Kasulu mjini, mpaka Kibondo na Kakonko, wenye watoto waliomaliza kidato cha sita, na maneno mengine na watoto wenyewe. Tuzungumze juu ya fomu ya mkopo na barua ya kuomba ufadhili wa chuo, hasa ile sehemu inayowashinda wengi: kueleza kwamba nyumbani uwezo haupo.

Utaniuliza, hilo nalo lina ugumu gani? Asiye na kitu si aseme tu kwamba hana? Ugumu ni kwamba wanaoomba ni wengi na karibu wote wanasema hivyo hivyo. Anayesoma barua yako yuko Dar es Salaam au Dodoma, hajawahi kufika Munanila, hajui mlima ulioko nyuma ya nyumba yenu wala shamba lenu linaishia wapi. Mbele yake kuna rundo la karatasi, na katika rundo hilo kila mtu ametoka katika familia duni.

Tuangalie kwanza tumefikaje hapa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 serikali ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita. Mtoto wa mkulima wa Munanila anaweza leo kufika mwisho wa sekondari ya serikali bila baba yake kuuza shamba. Gharama zipo, tunazijua: sare, nauli ya kwenda bwenini, godoro, madaftari, michango. Lakini hizo hulipwa kidogo kidogo, debe la maharage leo, mkungu wa ndizi kesho, na nyumba inasonga. Kisha chuo kinamchagua mtoto. Hapo ndipo familia nyingi hukutana kwa mara ya kwanza na karatasi inayodai zaidi ya milioni moja kwa ada peke yake, kabla hujagusa chakula, chumba na vitabu.

Baba anaisoma ile karatasi, anaikunja, anasema Mungu atasaidia. Mama anakaa kimya. Asubuhi mtoto anapanda gari kwenda Kasulu kutafuta steshenari.

Naomba niwapeleke kwenye steshenari hiyo, maana mambo mengi huharibikia pale. Ni chumba chenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi na foleni mpaka nje barazani. Kijana wa steshenari anauliza upesi kwa sababu kuna watu wanamsubiri. Jina la baba? Linatajwa. Kazi yake? Mkulima. Mama? Mkulima. Kipato cha familia kwa mwaka? Mtoto anatazama dari. Hajui. Hajawahi kuambiwa. Mwenye kompyuta anaandika tarakimu aliyoandikia wateja wengine tangu asubuhi, na panapotakiwa maelezo anabandika yale yale: mimi ni mtoto wa mkulima mdogo, familia yangu ina hali duni ya maisha, naomba msaada wenu. Mtoto analipa, anachukua karatasi zake, anarudi nyumbani akiamini kwamba ameeleza.

Hakueleza. Na simlaumu kijana wa steshenari, yeye anauza huduma. Simlaumu hata mtoto. Hapa nawageukia wazazi wenzangu, kwa heshima zote: mtoto hawezi kueleza asichokijua, na jambo hili tumemficha sisi.

Sisi watu wa nyanda hizi tuna namna yetu ya kutunza habari za fedha. Babu zetu waliondoka huku kwetu Buha wakaenda manamba, kukata mkonge Tanga, kwa sababu serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma kuwa mahali pa kuchotea vibarua. Walichokipata huko walikijua wao peke yao. Waliporudi, nyumba iliona nguo na labda baiskeli, haikuona hesabu. Mimi naamini tabia hiyo tumeirithi. Mpaka leo mwanamume anauza kahawa kwenye chama cha msingi, anakunja stakabadhi, anaiweka mfukoni, na mkewe hajui ilikuwa shilingi ngapi, sembuse mtoto. Mama naye ana fedha yake ya maharage na ya kikoba ambayo haitaji. Katika maisha ya kila siku hilo halina madhara makubwa. Siku ya kujaza fomu lina madhara makubwa sana.

Sasa tuchukue barua mbili tuziweke mezani. Nazitunga mimi kwa mfano, lakini aliyewahi kukaa kwenye kamati yoyote ya kupitia maombi, iwe ya parokia, ya msikiti, ya halmashauri au ya shirika, atazitambua.

Ya kwanza inaanza: husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana niliyetoka katika familia maskini sana, wazazi wangu hawana uwezo wowote, tunaishi maisha magumu mno, hata kula ni shida, hivyo naomba kwa unyenyekevu mkubwa mnisaidie ili nitimize ndoto zangu. Barua hiyo ina huzuni, na huzuni hiyo ni ya kweli. Lakini mwenye kuisoma hawezi kuishika popote. Hawezi kujua kama familia hii inakosa milioni moja au laki moja. Na yale maneno kwamba wazazi hawana uwezo wowote yanamtia shaka, kwa sababu huyu mwombaji amefika kidato cha sita, amekuwa akila na kuvaa. Nani alikuwa anatoa?

Ya pili inasema hivi. Baba yangu alifariki mwaka 2017, cheti cha kifo nimekiambatanisha. Mama analima ekari moja na nusu ya maharage na mihogo, na ana miche 200 ya kahawa aliyoiacha baba. Msimu uliopita kahawa ilimpatia shilingi 450,000. Maharage alivuna magunia manne, mawili tulikula na kubakiza mbegu, mawili aliuza kwa shilingi 360,000. Jumla fedha iliyoingia nyumbani kwa mwaka ni shilingi 810,000. Tuko watoto watano, wawili wako sekondari, wawili msingi. Ada ya chuo nilichochaguliwa ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Mama anaweza kunipa shilingi 200,000 akishauza kahawa. Mjomba wangu, fundi cherehani, ameahidi 100,000. Kinachopungua kwenye ada ni shilingi 1,000,000, na chakula na malazi sina pa kuvitoa.

Ndugu msikilizaji, barua hii haina neno maskini hata mahali pamoja. Lakini ukimaliza kuisoma unajua hali ya nyumba hiyo. Unajua pia kwamba mwandishi wake ni mkweli, kwa sababu amekiri kilichopo kabla ya kudai kisichopo.

Wengi wanaogopa kutaja kile wanachoweza kutoa. Wanadhani wakisema mama ana laki mbili, watapunguziwa msaada. Nasema kwa uzoefu wa kupitia barua hizi: laki mbili za mama ndizo zinazomfanya msomaji aamini milioni moja inayopungua. Mfadhili hatafuti mtu asiye na chochote duniani. Anatafuta mtu ambaye akiongezewa kiasi fulani atamaliza chuo.

Angalia tena barua ile ya pili, ujiulize mtoto alizitoa wapi tarakimu zote hizo. Alipewa na mama yake. Waliketi pamoja. Mama akatoa stakabadhi ya chama cha msingi, akahesabu magunia, akasema kweli. Bila kikao hicho barua ile isingeandikika, hata kama mtoto angekuwa na alama za juu kuliko wote kwenye somo la Kiswahili.

Nije kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, maana huko ndiko wengi wanakoelekea. Bodi iliundwa kwa Sheria namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Maombi yake hufanyika kwa mtandao, na huko huandiki barua ndefu. Unajaza nafasi na kupakia vyeti. Kwa hiyo kwa Bodi, vyeti ndivyo vinavyosema kwa niaba yako. Yatima anaongea kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, anaongea kwa fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Aliyetoka kaya inayonufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, anaongea kwa namba ya kaya yake. Aliyesoma shule ya binafsi kwa kulipiwa na kanisa au shirika lazima alete barua ya aliyemlipia, la sivyo atahesabiwa kuwa mtoto wa mwenye fedha, na wapo wengi waliosoma seminari kwa huruma ya paroko wakaumia hapo kwa kukosa karatasi moja.

Kuna jambo la majina ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko watu wa mjini wanavyofikiri. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, kwa sababu babu ndiye aliyempeleka shule. Cheti cha kuzaliwa kikatafutwa miaka mingi baadaye, kikaandikwa jina la baba. Kwenye kitambulisho cha taifa herufi moja ikakosewa. Kwenye mfumo wa Bodi unaingia kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na majina yaliyoko kwenye vyeti vingine yanatakiwa yakubaliane na yale ya mtihani huo. Yasipokubaliana unahitaji kiapo cha kisheria, na kiapo kinahitaji muda na nauli. Tena sisi tuko mpakani. Ng'ambo ya Manyovu ni Mugina, Burundi, na kwa mtu wa hapa kuomba kitambulisho huja na maswali ya uraia ambayo mtu wa Dodoma haulizwi. Mzazi, usingoje matokeo ya kidato cha sita ndipo uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa. Cheti kinatakiwa mtoto akiwa bado kidato cha kwanza, au mapema zaidi.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jambo linaloniuma. Mfumo wetu unajua kifo vizuri, kwa sababu kifo kina cheti. Haujui kutelekezwa. Kuna mama pale kijijini ambaye mumewe alikwenda Tabora kwenye tumbaku, mtoto akiwa bado anatambaa, na hajarudi. Hajafa, kwa hiyo hakuna cheti. Hayupo, kwa hiyo hakuna msaada. Mtoto wake anapofika mahali pa kujaza habari za baba, anaandika jina na kazi, mkulima, na kwenye karatasi familia hiyo inaonekana ina wazazi wawili wenye nguvu. Kwa kweli ina mgongo wa mama mmoja.

Kwa mtoto wa namna hiyo nasema hivi. Usiandike kwamba baba amekufa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, wakuandikie barua yenye muhuri, iseme wazi kwamba mzazi huyu hayupo kijijini tangu mwaka fulani, wala hatoi matunzo, na mama ndiye mlezi pekee. Kama kuna shauri lililowahi kufika ustawi wa jamii au mahakamani, ambatanisha nakala. Ukipangiwa kiwango kidogo, au usipopangiwa kabisa, Bodi hufungua dirisha la rufaa, na hapo ndipo karatasi hizo zinapofanya kazi. Kwa wafadhili wengine, barua yako ieleze habari hiyo kwa sentensi mbili tatu, bila kumtukana baba na bila kumtetea.

Na nikisema usiandike kwamba baba amekufa, nina sababu. Wapo wanaotafuta cheti cha kifo cha mtu aliye hai. Kughushi hati ni kosa la jinai, na uhakiki wa RITA uliwekwa kwa ajili hiyo. Lakini hata kama usingekamatwa, fikiria yatima wa kweli aliyeko Heru Juu au Muhinda, ambaye alimzika baba yake kweli, na fungu lake umelichukua wewe. Fikiria pia baba yako, amekaa nyumbani anakunywa uji, na kwenye kabati la ofisi fulani kuna karatasi inayosema umemzika.

Kuna upande wa pili, wa wanaoficha hali yao ya kweli, na huu ni ugonjwa wetu zaidi. Ni aibu. TASAF inapotambua kaya maskini, majina husomwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele za watu. Nawajua wazee walioondoka mkutanoni kabla majina hayajasomwa, wasije wakaitwa maskini mbele ya wakwe zao. Nawaelewa. Mtu aliyelea watoto saba kwa jembe la mkono, bila kuiba na bila kuomba, hataki kusimamishwa hadharani. Lakini miaka baadaye mwanawe anaulizwa namba ya kaya na hana. Fahari ya baba imegeuka pengo kwenye fomu ya mtoto. Mzee wangu, kueleza hali ya nyumba yako kwa taasisi iliyowekwa kwa kazi hiyo si kuombaomba. Ni kutoa ushahidi. Fedha za mikopo zinatoka kwenye kodi, na wewe unalipa kodi kila unaponunua sukari na vocha ya simu. Zinatoka pia kwa waliokopa zamani wanaorejesha.

Hapo niseme kidogo tofauti ya mkopo na ufadhili, maana watu wanavichanganya. Mkopo wa Bodi unarudishwa. Mwajiriwa wa sekta rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inafanya deni lisipungue, Rais Samia aliiondoa mwaka 2021. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni ufadhili, haurudishwi, lakini hutazama kwanza ufaulu wa juu katika masomo ya sayansi. Tangu 2023/2024 hata wanaosoma stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele wanaweza kukopa, kwa hiyo kijana aliyechagua chuo cha kati asijitoe mapema. Na jirani zetu walioko kambi za wakimbizi wana ufadhili wa DAFI unaosimamiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa tangu 1992. Huko nako huangaliwa alama pamoja na hali ya familia.

Vijana wangu, mkishapata hesabu kutoka kwa wazazi, iandikeni wenyewe kwenye daftari kabla ya kwenda steshenari. Andikeni nani anaishi nyumbani, nani anasoma wapi, shamba lina ukubwa gani, kilivunwa nini, kiliuzwa nini, kwa bei gani, na mwezi gani fedha huingia. Hilo la mwezi watu hulisahau, nalo ni kubwa. Mshahara huja kila mwezi, kahawa huja mara moja. Chuo kinafungua Oktoba au Novemba, na wakati huo fedha ya kahawa mara nyingi imekwisha, na maharage mapya bado yako shambani. Mtu wa mjini halijui hilo mpaka umwambie. Kama mwaka huo mvua iliharibu mazao, au mama alilazwa mkauza mbuzi, sema ilikuwa lini na iligharimu kiasi gani. Kijana wa steshenari mpe daftari, achape kilichoandikwa humo. Usitoke pale kabla hujasoma kila ukurasa.

Nina neno pia kwa watendaji wa vijiji na wenyeviti wa vitongoji. Fomu ya Bodi haiendi bila saini na muhuri wa serikali ya kijiji. Ninyi mnaijua kila nyumba. Mnajua nani kafiwa, nani katelekezwa, nani ana duka Kasulu na lori barabarani lakini anataka mwanawe aandikwe mtoto wa mkulima asiye na kitu. Muhuri wenu ni ushahidi, uwekeni juu ya kweli tu. Na mtoto akija na fomu yake, msimwambie arudi wiki ijayo, wala msimdai chochote. Ameshalipa shilingi 30,000 za maombi, ameshalipa uhakiki wa vyeti, anahitaji nauli ya kwenda kwa hakimu au wakili kuthibitisha fomu, na pengine fedha yote hiyo mama yake ameikopa.

Kwa miaka ya karibuni dirisha la Bodi limekuwa likifunguliwa Juni au Julai na kufungwa mwishoni mwa Agosti, mara nyingine baadaye. Mwongozo hutolewa kwenye tovuti ya Bodi, kwa Kiswahili pia, na kuusoma ni bure. Wazazi, msingoje dirisha lifunguliwe. Jioni hii, baada ya chakula, mwite mwanao, toa stakabadhi zako, mwambie unapata kiasi gani.